Utepe wa Jengo Wanaukata, Somo Nani Analifadhili?



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu shilingi milioni tano. Najua kwenye siasa za nchi hii tumezoea kubishana kwa mabilioni: yaliyokopwa, yaliyoliwa, yaliyopotea njiani. Milioni tano inaonekana hela ya kubadilisha matairi ya V8 la bosi. Lakini mimi na wenzangu watatu tuliamua kuwauliza wahadhiri wetu swali dogo tu: mkiwa na wazo jipya la kufundisha somo lenu, na wazo hilo linahitaji milioni tano, mnaomba wapi? Tuliuliza idara nne. Mmoja alicheka. Mwingine alituuliza kama tumetumwa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutuonyesha fomu.

Hoja yangu ni hii. Serikali ianzishe mfuko wa ruzuku ndogo za ufundishaji vyuo vikuu, zigawiwe kwa ushindani wa wazi, na sisi wanafunzi tuwe na kura katika kuamua nani anapata. Na chama chetu, hasa sisi vijana, tulibebe hili kama dai la kisiasa. Tukiliacha litaishia kwenye warsha za hotelini, kati ya chai ya saa nne na picha ya pamoja.

Kumbukeni 2022

Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka. Matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania yalisambaa mitandaoni: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walifeli kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe.

Mnakumbuka mjadala ulivyokuwa. Kuna waliosema vijana wa siku hizi wavivu, simu zimewamaliza. Kuna waliosema Shule inakaza mno. Kuna waliosema tatizo ni Kiingereza, tena wakaliandika hilo kwa Kiingereza kibovu. Mimi ndio kwanza nilikuwa najiandaa kuingia chuo kusoma sheria hiyo hiyo, na mama mkubwa akaniuliza kama bado nina uhakika au niende nikasome ualimu.

Sasa nipo ndani, naona. Mtu aliyesoma shahada nzima kwa kuandikishwa notisi, siku moja anafika Shule ya Sheria anaambiwa aandike hati ya madai, amhoji shahidi, apinge kielelezo, asimame mbele ya hakimu na kueleza kwa nini mteja wake apewe dhamana. Huo uwezo ataupata wapi? Ulitakiwa ujengwe tangu mwaka wa kwanza, kidogo kidogo, darasani. Wale 265 hawakuzaliwa wajinga. Wengi wao walikuwa na shahada halali kutoka vyuo halali vyenye ithibati halali.

Nikieleza darasa letu lilivyo, sitataja chuo, maana hata nikibadilisha jina la chuo habari inabaki ile ile. Ukumbi uliojengwa kwa watu mia mbili tunaingia karibu mara mbili yake. Waliochelewa wanakaa kwenye ngazi. Kipaza sauti kinakoroma. Mhadhiri anasoma, sisi tunaandika, na asiyesikia anasubiri madesa. Madesa yenyewe tunayatoa kopi steshenari, na mengine yana umri mkubwa kuliko sisi. Kuna desa moja la sheria ya ardhi bado linafundisha kwamba Baraza la Kata linasikiliza mgogoro na kuuamua, wakati mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliachia Baraza hilo kazi ya kusuluhisha tu. Mtu atalikariri, atapata A kwenye UE, kisha siku moja atamshauri bibi yake kijijini vibaya na bibi atapoteza shamba.

Simlaumu mhadhiri. Ana kozi tatu au nne, anasahihisha mamia ya vitabu vya mitihani kwa mkono, na kupanda kwake cheo kunapimwa zaidi kwa machapisho. Akifundisha vizuri sana, akifundisha vibaya sana, mwisho wa mwezi ni ule ule.

Hakuna kifungu

Lakini wapo wanaojaribu. Mwaka wa pili tulipata mhadhiri mmoja kijana aliyeamua somo la ushahidi tulisome kwa kesi moja muhula mzima. Alitunga kesi ya wizi wa pikipiki. Akaandaa jalada lote: maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya onyo ya mshtakiwa, hati ya ukamataji mali, picha, hadi ramani ya eneo la tukio. Akachapa majalada arobaini kwa hela yake, akatugawa makundi. Kila wiki kundi moja linamhoji shahidi, jingine linapinga kielelezo, jingine linaandika uamuzi. Mashahidi walikuwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho aliowapa nauli na soda.

Makamanda, lile darasa lilijaa mpaka watu wa kozi nyingine walikuja kuchungulia dirishani. Mpaka leo sihitaji desa kukueleza mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, kwa sababu ile pikipiki ya kubuni ilikaa siku tatu kituoni bila mtu kusaini kuipokea, sisi wa utetezi tukaliona pengo hilo kwenye karatasi, na mshtakiwa wetu akaachiwa.

Mwaka uliofuata wadogo zetu hawakuipata ile kesi. Walirudi kwenye kuandikishwa notisi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Dada, mke wangu aliziona risiti." Ilikuwa imemgharimu laki nane na kidogo. Aliandika barua idarani kuomba arejeshewe, au angalau muhula unaofuata asaidiwe karatasi tu. Akajibiwa hakuna kifungu.

Nataka mlishike hilo neno, hakuna kifungu. Hakuambiwa wazo lake ni baya, wala kwamba chuo hakina hela kabisa. Aliambiwa kwamba katika vitabu vya chuo hakuna mstari ambao hela ya kuboresha somo moja la mhadhiri mmoja inaweza kuandikwa. Kifungu cha semina kipo, cha mafuta kipo, cha mahafali kipo na maua yake.

Twende kwenye hesabu

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliipitishia Tanzania mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa HEET, ule wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi. Kwa thamani ya wakati ule Serikali yenyewe ilitaja kama shilingi bilioni 972. Huo ni mkopo. Utalipwa na mimi, na wewe unayesoma hapa, na watoto ambao bado hatujawazaa.

Niwe mkweli, siyo mradi wa hovyo. Unajenga kampasi mikoani, madarasa, maabara na mabweni. Unagusa pia kuhuisha mitaala na kuwasomesha wahadhiri. Asiyejua shida ya kusoma umesimama ndiye atakayebeza madarasa mapya, na mimi simo humo. Lakini angalieni hela inavyosafiri: inatoka juu, inapita wizarani, inafika chuoni, inaingia kwenye manunuzi na kamati. Mtaala unahuishwa kwenye kikao, unapata jalada jipya, halafu unarudi kwa mhadhiri yule yule, ukumbini kule kule, na kipaza sauti kile kile. Kati ya mtaala ulioandikwa na somo linalofundishwa Jumanne saa mbili asubuhi kuna pengo, na hilo pengo mkandarasi hawezi kulijenga.

Sasa chukueni kalamu. Asilimia moja ya bilioni 972 ni bilioni 9.72. Igawanye kwa ruzuku za milioni tano tano. Unapata ruzuku 1,944. Masomo 1,944 katika vyuo vya nchi hii yangeweza kujaribiwa upya kwa asilimia moja ya mkopo ambao tayari tumeshaubeba mgongoni. Asilimia 99 zingebaki kwa ajili ya majengo na tepe zake.

Halafu kuna ile tuzo. Wizara ya Elimu ilitangaza shilingi milioni 50 kwa watafiti wetu wanaochapisha andiko kwenye majarida makubwa ya kimataifa ya sayansi. Sina kinyongo na mtafiti anayeiletea nchi heshima, apewe. Ila mnaona ujumbe unaopelekwa kwa wahadhiri? Andika makala itakayosomwa Ulaya, una milioni 50. Fundisha vijana mia nne wa Kitanzania mpaka waelewe, unapata ahsante ya wanafunzi, tena siku ya mahafali, tena kama watakumbuka. Makala moja ni sawa na ruzuku kumi za ninazozidai mimi.

Milioni tano itafanya nini?

Wapo mtakaosema milioni tano haitoshi hata kununua projekta nzuri. Ni kweli, na ndiyo maana sizungumzii vifaa. Nazungumzia kazi.

Chukueni mfano wa lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Jambo kubwa, na tulilipongeza wote bila kujali chama. Lakini sisi vyuoni bado tunafundishwa sheria kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, kisha tutaenda kumtetea mtu Mahakama ya Mwanzo kwa Kiswahili ambacho hatujawahi kukiandikia hata hati ya kiapo. Mhadhiri anayetaka kuandaa kitabu kidogo cha mazoezi, hati 20 kwa lugha zote mbili, na kuwalipa mahakimu wastaafu wawili waje kuzisahihisha pamoja nasi, anahitaji kiasi gani? Milioni tano inamtosha, na chenji inabaki. Na akishakiandaa, kila chuo cha sheria nchini kinaweza kukitumia bure.

Mhadhiri wa uuguzi anataka wanafunzi wajizoeze kumpa mgonjwa habari mbaya kabla hawajaenda wodini, anahitaji waigizaji na mtu wa kurekodi. Mhadhiri wa kilimo anataka kila kundi la wanafunzi lishikane na mkulima mmoja msimu mzima badala ya kwenda ziara ya siku moja kupiga picha shambani. Huyo anahitaji nauli tu. Mhadhiri wa hisabati ana darasa la mia tano na anataka maswali ya kila wiki yajibiwe kwa simu ya kitochi, ili ajue Ijumaa nani hajaelewa badala ya kujua kwenye UE. Hizi si ndoto. Ni hela ndogo inayomkuta mtu mwenye wazo na kumwambia jaribu.

Na hatubuni gurudumu. Marekani walianzisha mfuko wa serikali wa kuboresha elimu ya baada ya sekondari mwaka 1972, kwa ajili ya kuwapa walimu na vyuo ruzuku za kujaribu mambo mapya. Mtasema hao matajiri. Haya, njooni Afrika. Ghana katika miaka ya 2000 walikuwa na mfuko ulioitwa TALIF, wa ubunifu katika kufundisha na kujifunza vyuoni, ambapo taasisi zilishindana kwa maandiko. Na sikilizeni vizuri: huo mfuko ulizaliwa ndani ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, benki ile ile iliyotukopesha sisi. Afrika Kusini serikali ilikuwa na ruzuku maalum ya kuendeleza ufundishaji kwenye vyuo vikuu, na kuanzia 2018 ikaiunganisha na ya utafiti kuwa ruzuku moja ya kujenga uwezo wa vyuo. Kule kufundisha kuna kifungu.

Hata hapa nyumbani tumeshafanya jambo la jamaa yake. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, ndiyo inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 2001. Mamlaka hiyo hiyo ilisimamia Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi, uliotoa ruzuku kwa ushindani kwa vyuo vya mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo asije mtu kutuambia utaratibu haupo au ni mgumu. Chombo kipo, sheria ipo, na uzoefu wa kupokea maandiko na kuyashindanisha upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba somo la chuo kikuu nalo linastahili.

Wanaopinga, niwajibu

Najua hoja zitakazokuja, maana nyingine nimeshazisikia kwenye magrupu yetu wenyewe.

Kuna kamanda aliniambia, "Dada, watu wanalala wawili kitanda kimoja hosteli, boom linachelewa, wewe unaleta habari za ubunifu?" Namheshimu, na nimelala mzungu wa nne kama yeye. Lakini boom likija kwa wakati na somo likabaki bovu, tumelipwa ili tukae kwenye somo bovu. Na boom lenyewe ni mkopo. Tutakatwa mshahara kuulipa, kama mshahara utapatikana. Mtu anayekopeshwa ili anunue bidhaa ana haki ya kuuliza ubora wa bidhaa.

Wengine watasema waongezeni wahadhiri mishahara kwanza. Waongezwe, tunaunga mkono. Ila mshahara ukiongezwa leo, kesho asubuhi bado hakuna kifungu cha yale majalada arobaini. Ni madai mawili, na moja halingoji jingine.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu: hela zitapigwa. Watapeana wenyewe kwa wenyewe, mkuu wa idara atampa shemeji yake, andiko litasema ubunifu na hela itakwenda kwenye posho. Hapa sibishi, kwa sababu nasoma ripoti za CAG kama nyinyi. Lakini dawa ya wizi ni mwanga. Hela kubwa ya jengo inapigwa ndani ya mikataba ambayo mwanafunzi haioni na hata akiiona haielewi. Milioni tano ya somo langu naielewa vizuri sana. Kama mhadhiri aliandika kwamba ataleta mashahidi sita na majalada arobaini, na mimi nimekaa darasani muhula mzima sijaona shahidi hata mmoja, mkaguzi wa kwanza ni mimi. Hakuna hela ya umma iliyo rahisi kuikagua kama inayotumika mbele ya macho ya watu mia nne kila wiki.

Na wa mwisho ni wale wa Katiba Mpya kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, msinifundishe umuhimu wa Katiba. Ila hebu tuisome hii tuliyonayo. Ibara ya 11 inasema Serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za kupata elimu. Maneno matamu. Halafu rudi nyuma kwenye ibara ya 7(2), utakuta kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Yaani umeahidiwa, ila huwezi kumshtaki aliyekuahidi. Ndiyo, Katiba Mpya iliondoe hilo. Lakini haki isiyodaiwa mahakamani inadaiwa kwenye bajeti, na bajeti inapita kila mwaka. Haitusubiri.

Kwa nini hawalifanyi

Tusidanganyane, sababu ni ya kisiasa. Jengo lina zabuni, lina jiwe la msingi lenye jina la kiongozi, lina siku ya uzinduzi, machawa wanapata cha kuposti. Ruzuku ya milioni tano haina jiwe la msingi. Huwezi kumwalika mgeni rasmi aje azindue swali zuri alilouliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Na hapa historia inawasuta. Elimu ya sheria ya chuo kikuu nchini ilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Jengo la kuazima! Kati ya wale 14 mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Sidai turudi kwenye majengo ya kuazima. Ninachosema ni kwamba waliotangulia walijua chuo ni mwalimu na mwanafunzi kwanza, ukuta baadaye. Warithi wao wameishia kuukumbuka ukuta.

Kuna sababu nyingine, na hii ni maoni yangu, mnaweza kuyakataa. Darasa linalohoji ni hatari kwa mtawala aliyezoea kuitikiwa. Kijana aliyezoea kumuuliza shahidi "ulijuaje?" muhula mzima hawezi kukaa kwenye mkutano wa kampeni akasikiliza ahadi bila kuuliza hela inatoka wapi. Darasa la kukariri linazalisha watu wa kukariri, na watu wa kukariri ni rahisi kuwapa kofia na fulana. Ndiyo maana nasema hili ni letu, sisi wa upinzani. Hatutapata raia wanaohoji kama vyuo vinafundisha kuitikia.

Tunachodai

1. Ruzuku ya ufundishaji isiyozidi milioni tano kwa somo moja, mwaka mmoja, chini ya Mfuko wa Elimu, kwa vyuo vya umma na vya binafsi vyenye ithibati.

2. Fomu ya kurasa mbili, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mhadhiri msaidizi wa mwaka wa kwanza kazini aombe sawa na profesa.

3. Waamuzi watoke nje ya chuo cha mwombaji, na theluthi moja wawe wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, siyo walioteuliwa na utawala.

4. Marufuku posho za vikao, marufuku warsha za hotelini, marufuku kununua magari na simu kwa jina la ubunifu.

5. Kila mwaka litangazwe jina la somo, kiasi kilichotolewa, kilichofanyika, na wanafunzi wa somo hilo walisemaje. Kilichoandaliwa kwa ruzuku kiwe mali ya umma, chuo kingine kikichukue bure.

6. Jaribio likishindwa, mhadhiri asiadhibiwe, mradi hesabu zake ni safi na ameeleza kwa nini limeshindwa. Anayejaribu kwa hofu ya kuadhibiwa atajaribu yale ambayo tayari anajua jibu lake.

Hicho kipengele cha sita msikidharau. Nchi hii ina tabia ya kusema majaribio yote yamefanikiwa. Tukishalipia ukweli, tuupokee hata ukiwa mchungu.

Tuanze na nini?

Hatuna haja ya kusubiri tushike dola. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Vyuo vya umma ni mamlaka za umma. Basi kila tawi letu la vyuo liandike barua moja fupi kwa chuo chake, yenye maswali matatu: Mwaka wa fedha uliopita chuo kilitumia kiasi gani kuboresha ufundishaji, mbali na majengo na vifaa? Mhadhiri mwenye wazo jipya anaomba wapi? Wangapi waliomba na wangapi walipata?

Barua usiipambe kwa bendera ya chama. Andika kama raia, kwa jina lako, maana haki hiyo umepewa kama raia, na siasa vyuoni mnajua inavyotafutiwa sababu. Isajili masjala, waigongee nakala yako muhuri, andika tarehe, anza kuhesabu siku 30. Wakijibu, tuma majibu kwa idara ya elimu ya jumuiya yetu. Wasipojibu, tuma ile nakala yenye muhuri, kimya nacho ni jibu na tutakijumlisha kwenye hesabu. Tukiwa na majibu ya vyuo kumi tu, wabunge wetu watakuwa na kitu cha kusimama nacho wakati wa bajeti ya Wizara ya Elimu, na wizara haitaweza kutuambia tunaongea kwa hisia.

Maswali yenu yaleteni chini hapa. Mwenye hofu ya kuiandika barua peke yake aseme, tutaiandika pamoja kwenye kimbweta chochote kilicho karibu naye. Ya kwangu nimeshaipeleka masjala, imegongwa muhuri, na naendelea kuhesabu siku.

Mapambano yanaendelea.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na mwanachama wa jumuiya ya vijana.*